Wilson na Seneti: rais aliyeangushwa nyumbani

Woodrow Wilson alizaliwa Virginia mwaka 1856, akawa rais wa Marekani 1913. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikwenda mwenyewe Paris kuandika mkataba ulioanzisha Ushirika wa Mataifa. Seneti hakuishirikisha, ilhali katiba yao yataka thuluthi mbili ya maseneta waliohudhuria waukubali mkataba. Maseneta walipodai masharti, aligoma, akazunguka nchini kuwashawishi raia hadi kiharusi kikamwangusha. Machi 1920 aliwataka wa chama chake waukatae mkataba wenye masharti: kura 49 kwa 35, saba zikapungua. Alifariki 1924, Marekani haikujiunga. Ndugu zangu, rais hutia saini, lakini asiyeshauriana na Bunge hujenga nyumba mchangani.