William Thorpe na ndege waimbao wawili wawili

Msomaji, ukitoka Mombasa ukishafika Mtito Andei na kuingia Makueni, vichaka vya kando ya barabara vina ndege mweusi wa rangi ya makaa, jamaa ya kipwe. Kumwona ni kazi, kumsikia ni rahisi. Na mara nyingi unachosikia ni dume na jike: mmoja huanza, mwenzake humalizia, upesi hata sikio likadhani ni ndege mmoja. Kitui pia wapo. Jamaa zao wenye kifua cheupe tunao hapa Pwani.

Mwingereza William Thorpe, aliyezaliwa Hastings mwaka 1902, ndiye aliyewafanya wanasayansi wengi wawategee sikio ndege wa namna hii. Alianza na wadudu. Mwaka 1950 alianzisha kituo cha Madingley, Cambridge, akalea humo makinda ya ndege mdogo wa Ulaya, chafinchi, bila kuwasikilizisha wakubwa wao. Walikua wakiimba kwa kubabaisha. Kumbe wimbo hufunzwa, kama mtoto anavyofunzwa maneno.

Enzi hizo ilidhaniwa dume huimba, jike husikiliza na kuchagua mume, basi. Myles North, afisa wa serikali ya kikoloni aliyenasa sauti za ndege nchini Kenya, alimfungulia Thorpe mlango mwingine. Mwaka 1965 na 1966 waliandika pamoja kuhusu kipwe: kila jozi hutunga nyimbo zake, na mwenzi asipokuwepo, aliyebaki aweza kuimba sehemu zote mbili. Wimbo huo haukuwa wa kuposa tu, ulikuwa wa kushika ndoa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa, ingawa wengi humkumbuka kwa chafinchi.

Mwanafunzi wake, Peter Marler, alimfunza Fernando Nottebohm, ambaye mwaka 1976 alionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazoongoza wimbo wa kanari ni kubwa zaidi kwa dume, aimbaye zaidi. Hesabu ikaonekana rahisi.

Thorpe alifariki mwaka 1986. Miaka 12 baadaye, watafiti wa Ujerumani walipima ubongo wa kipwe mweusi, yule yule wa vichaka vya Makueni. Jike hujua nyimbo nyingi sawa na dume, lakini sehemu zile kwake zilikuwa ndogo.