Tingatinga: jina la mtu kabla ya kuwa jina la picha

Picha za Mlima Kilimanjaro zenye rangi za kung'aa tunazipita kila siku mitaani Dar es Salaam. Tunaziita tingatinga, na wengi tumesahau kuwa hilo ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, ambako kwa muda alikuwa mhudumu wa wodi Muhimbili. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, bila kusomea popote. Hakuchora kwenye turubai. Alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa dari, uliokatwa mraba kama kigae kikubwa, na rangi ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo ikikauka hung'aa, utadhani kigae kimetoka tanuruni. Yeye hasa alichora wanyama na ndege. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na ndugu zake wakaja kujifunza kwake.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni mwizi anayekimbia. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake, akiwemo Simon Mpata, waliendelea kuchora.