Mirambo

Mirambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi katika Tanzania ya leo. Anakumbukwa hasa kwa kuitawala njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji.

Maisha ya awali

Jina lake la awali lilikuwa Mtyela Kasanda. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, kisha akaunganisha temi za jirani kwa vita na mapatano. Jeshi lake lilitegemea rugaruga, vijana wapiganaji wenye bunduki. Makao yake yalikuwa Urambo, magharibi mwa Tabora.

Njia ya misafara

Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani kupitia Tabora, na nguo, shanga, bunduki na baruti zilipelekwa bara. Njia fupi ya kutoka Tabora hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ilipita katika eneo la Mirambo. Kwa hiyo alidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Waarabu wa Tabora, walioshirikiana na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, hawakukubali mamlaka yake.

Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia hiyo na vita vikaanza. Waarabu walimshambulia, lakini wakavamiwa walipokuwa wakirudi na kushindwa. Mwezi huohuo wa Agosti, Mirambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu, alilazimika kuzunguka mbali upande wa kusini. Alifika Ujiji mwezi Novemba na kumkuta David Livingstone.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Misafara ilichelewa na bei zikapanda, lakini Mirambo naye alikosa ushuru na baruti. Pande zote mbili zilihitaji njia iliyo wazi, na hatimaye zikapatana. Mwaka 1876 Mirambo alichanjiana damu na Stanley, adui yake wa zamani. Baadaye alimpokea Urambo mmisionari na daktari Ebenezer Southon.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika shambulio la wapiganaji wake. Tukio hilo liliharibu uhusiano wake na Uingereza.

Mirambo alifariki mwaka 1884. Dola yake ilitegemea mno uwezo wake binafsi, na chini ya mrithi wake Mpandashalo ilisambaratika upesi. Mtaa wa Mirambo jijini Dar es Salaam una jina lake.