Njaa Hupimwa kwa Mapato

Mkulima wa Singida ana uwele na mtama shambani, na kuku uani. Lakini mara nyingi kuku hao na mayai yao hutiwa katika matenga na kupelekwa kuuzwa Dar es Salaam, kwa sababu fedha yatakiwa nyumbani. Mtoto hubaki na ugali na mlenda. Je, mama yake hajui faida ya yai? Sisi twaamini anaijua. Ndiyo maana leo twamkumbuka John Boyd Orr, bingwa wa elimu ya lishe.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1880. Katika ujana wake alifundisha shule katika mitaa ya mafukara ya Glasgow, akaona kuwa mtoto mwenye njaa hafundishiki. Akasomea udaktari, kisha akaongoza Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, iliyoanza kwa kuchunguza chakula cha mifugo. Orr hakuridhika kuona ng'ombe akipimiwa chakula bora huku mtoto wa mfanyakazi akisahauliwa.

Mwaka 1931 yeye na J. L. Gilks walitoa taarifa ya uchunguzi wao nchini Kenya. Wanaume wa Kimasai, wanywaji wa maziwa, waliwazidi wenzao Wakikuyu, walaji wa nafaka, kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Sababu waliiona katika chakula. Mwaka 1936 Orr aliigeukia Uingereza yenyewe. Alionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa dola ile tajiri hawakupata chakula cha kutosha afya kamili, na kwamba mapato yalivyopungua ndivyo lishe ilivyopungua.

Mwaka 1945 alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Alitaka iundwe bodi ya dunia ya kuweka akiba ya chakula, kutuliza bei na kuwasaidia wenye njaa. Uingereza na Marekani zikakataa. Mwaka 1948 aliondoka; mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 1971.

Nchi yetu iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na mafunzo yake ni ya thamani. Lakini mafunzo pekee hayamshibishi mtoto. Hatuna budi kuhakikisha kwamba mkulima apata bei ya haki ya alizeti yake, ili asilazimike kuuza hata yai la mwanawe.