Malcom McLean na Bei ya Mwendo

Makontena twayaona kila siku yamepangana pale Kilindini, ila ni wachache wamjuao aliyeyatia baharini. Ni Malcom McLean, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1913 mjini Maxton, North Carolina. Alianza na lori moja kuukuu. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal-X, iling'oa nanga Newark kwenda Houston, makontena 58 juu ya sitaha.

Hayo ni mashuhuri. Mimi yanishughulishayo ni ya mafuta.

Mwaka 1969 aliiuza kampuni yake, Sea-Land, kwa wenye tumbaku wa R. J. Reynolds, mwenyewe akabaki humo. Kwa fedha zao zikaagizwa meli nane za mbio ziitwazo SL-7. Zilikwenda maili 33 za baharini kwa saa, na kila moja ikinywa kiasi cha tani 500 za mafuta kwa siku! Tani moja ya mafuta hayo hutoa zaidi ya tani tatu za hewa ya kaboni. Msomaji na apige hesabu. Mara vikazuka vita vya 1973 baina ya Waarabu na Israeli, bei ya mafuta ikapanda kama mara nne. Mwisho wake meli zile zilinunuliwa na jeshi la maji la Marekani.

Manahodha wetu wa majahazi walingoja kusi na kaskazi, upepo hawakuulipia. Meli ya mashine haina bahati hiyo: ukiuzidisha mwendo wake mara mbili, nguvu itakazo hukaribia mara nane.

McLean somo alilielewa. Akiwa sasa na kampuni nyingine, United States Lines, aliagiza Korea Kusini meli 12, kubwa kupita meli zote za makontena za wakati ule, ziendazo taratibu, maili 18 hivi kwa saa. Hesabu yake ilitegemea mafuta yazidi kuwa ghali. Kumbe mwaka 1986 bei ikaporomoka, na mwenye mbio akawa ndiye mwenye wateja. Novemba mwaka huo kampuni ikafilisika, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni moja. Na meli zile zikaja kununuliwa kwa bei ya kutupa na Sea-Land, kampuni aliyoiasisi mwenyewe.

Baada ya 2008 makampuni makubwa yalianza kupunguza mwendo wa meli zao, wakaokoa mafuta na moshi ukapungua. McLean hakuyaona hayo. Alifariki Mei 2001, na asubuhi ya maziko yake meli za makontena zilimpigia honi huko zilikokuwa.