Mama Rebecca wa Nineveh

Mnaokuja kanisani kwa kupitia soko la Kibuye Jumapili asubuhi mnaijua ile ngoma. Inaanza kusikika mbali, kisha bendera, kisha kanzu nyeupe na vilemba, wazee na watoto wakitembea kwa mstari wakiimba, na wauza mitumba wanavuta bidhaa zao kidogo ili wapite. Ni watu wa Nineveh. Sisi Wapentekoste tumezoea kuwatazama kwa pembeni, na mimi mwenyewe nimewahi kuwacheka. Sasa nimeombwa niandike habari za mama mmoja wa imani, na niliyemchagua ni wao, si wetu. Mnisamehe mapema.

Lakini tukisema kweli, tumepakuliwa kutoka chungu kimoja. Panda matatu ya Kakamega pale Kondele, pita Mamboleo na Kiboswa, barabara inakwea mpaka Nyang'ori. Huko ndiko walikofanya kazi Otto na Marian Keller, na tangu 1924 misheni yao ilikuwa chini ya Wapentekoste wa Kanada. Wengi humu wazazi wetu waliokoka kwa injili iliyoshuka kutoka mlima ule. Mwanamume mmoja wa huko, Daudi Zakayo Kivuli, alifundishwa misheni hapo, akawa msimamizi wa shule zake. Mke wake ndiye Rebecca Jumba.

Mwaka 1932 Kivuli alishukiwa na Roho Mtakatifu, na akaanza kuzunguka akihubiri toba. Watu walikuwa wakiungama dhambi zao wazi mbele ya wenzao. Mwaka 1942 alianzisha kanisa lake, African Israel Church Nineveh, na hakuondoka kwa ugomvi: Keller alimpa baraka zake. Mwaka huo huo Keller akafariki. Makao ya kanisa yakawa pale pale nyumbani kwa Kivuli, Jebrok, na pakaitwa Nineveh, yaani Ninawi, ule mji uliomsikia Yona ukatubu.

Wanaoandika historia hupita haraka hapa. Mimi sipiti, maana ni mama wa jiko. Nyumba ya mtu ikiwa ndiyo makao makuu ya kanisa, unga unatoka wapi? Nani anaamka usiku mgeni akipiga hodi? Na wageni wa Nineveh hawakuwa wa kabila moja. Waluhya walikuja, Wajaluo walikuja, Waterik walikuja. Hayo hayakuandikwa, lakini ninyi akina mama mnaopika kongamano la siku tatu tu na kurudi nyumbani mmevunjika mgongo, mnaelewa. Yeye alikaa nayo miaka zaidi ya 30.

Kisha mwaka 1974 Baba Kivuli akafariki. Sote tunajua yanayofuata mzee mkubwa akiondoka. Mjane anakaa kwenye mkeka, na wengine wako nje chini ya mti wanamwamulia: nani atachukua shamba, nani atachukua ng'ombe, nani atamchukua yeye. Na makanisa ni hivyo hivyo, tena afadhali ya shamba. Mwanzilishi akizikwa leo, kesho kuna vibao viwili vya jina moja barabarani. Pale Jebrok, aliyekalia kiti alikuwa mjane. Mama Rebecca aliliongoza kanisa zima akiwa kuhani wao mkuu kwa miaka tisa. Mwaka 1975, yeye akiwa kiongozi, Nineveh ilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, mwaka ule ule Baraza hilo lilipokutana Nairobi. Kuna makanisa hapa Kisumu mpaka leo bado yanabishana kama mama anaweza kusimama madhabahuni. Mimi siingii huko.

Kilichonishika ni mwaka 1983. Mama Rebecca alikuwa hai bado. Hakungoja kifo kimpokonye. Aliachia kiti, akamkabidhi mjukuu wake, John Mweresa, kijana, ambaye ndiye aliyeitwa Kivuli wa Pili. Atakuwepo wa kusema hayo ni mambo ya ukoo, kanisa kugeuzwa ufalme wa nyumba moja, na mimi simkatazi, ana neno. Lakini niambieni ni wangapi mmewaona wakishuka kitini na miguu yao wenyewe.

Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyoanza kwa nyanya yake Loisi. Nimefundisha somo hilo mara nyingi katika ushirika wa akina mama, na kila mara nimelieleza vile vile: nyanya, mfundishe mjukuu kuomba. Haijawahi kunijia kwamba nyanya anaweza pia kumpisha.

Nimekuwa mwenyekiti wa akina mama miaka 19. Daftari ni mimi, mhuri ni mimi, ufunguo wa stoo ya sufuria na viti ni mimi. Mwaka juzi dada mmoja wa kwaya, aliyesomea uhasibu, alikuja kwangu kwa heshima kabisa, akaomba anisaidie hesabu. Nilimwambia bado ni mtoto. Alinyamaza, na tangu siku hiyo hukaa viti vya nyuma. Si mjukuu wangu, si wa ukoo wangu, na nadhani hiyo ndiyo sababu sikuona haya kumjibu vile.

Dada, ukisoma hapa, Jumatano njoo mapema kabla ya mkutano. Nitakuwa na daftari, mhuri na funguo. Uje na kalamu mbili na subira, maana risiti za harambee ya jikoni bado ziko ndani ya mkebe wa biskuti, na nyingine panya wamezila pembeni.