James Chuma na Lugha za Njia ya Lindi: Maisha ya Mkalimani wa Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Historia ya safari za karne ya 19 katika Afrika ya Mashariki imezoea kuwatukuza wasafiri wa Kizungu na kuwataja kwa mbali tu watu waliowawezesha kusema na wenyeji. Mmoja wa watu hao ni James Chuma, Myao anayekumbukwa hasa kwa kuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya kuusafirisha mwili wa David Livingstone hadi pwani. Makala haya yanayatazama maisha yake kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba Kiingereza ndicho kilichomwingiza Chuma katika maandishi ya wakati wake, lakini ni lugha nyingine alizozijua ndizo zilizomfanya ahitajiwe.

2.0 Kutoka Utumwani hadi Bombay

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi ya Wayao, karibu na Ziwa Nyasa. Julai 1861, akiwa bado mtoto, alikuwamo katika msafara wa watumwa uliokombolewa kwenye nyanda za juu za Shire na kundi la Livingstone na Askofu Mackenzie. Alilelewa Magomero, katika kituo cha Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA). Mwaka 1864 Livingstone alisafiri naye hadi Bombay, ambako alisomeshwa katika shule ya wamisionari wa Kiskoti na kubatizwa mwaka 1865. Kiyao alikuwa amekinyonya kwa mamaye. Kiingereza alikipata darasani. Kiswahili alikizoea katika maisha ya pwani na ya misafara.

Mwaka 1866 alirejea pamoja na Livingstone, wakashukia Mikindani na kuufuata mto Ruvuma kuelekea bara. Tangu hapo alimtumikia bwana wake hadi 1873. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, Chuma na mwenziwe Abdallah Susi waliongoza msafara uliouchukua mwili huo kwa zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Njia hiyo ilikatiza nchi za watu wa lugha nyingi, na katika kila nchi ilikuwa lazima kuomba ruhusa ya kupita, kununua chakula na kuepusha ugomvi. Elimu ya Bombay peke yake isingetosha kwa kazi hiyo.

3.0 Kiingereza na Mipaka Yake

Yaliyotokea baada ya Bagamoyo yanaonyesha uzito wa Kiingereza katika dunia ile. Aliyesafirishwa pamoja na maiti hadi Uingereza, kwa gharama ya jumuiya ya wamisionari ya CMS, alikuwa Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya Nasik nchini India na kujua kuandika Kiingereza. Maziko yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na Chuma na Susi waliwasili baada yake. Huko walimsaidia Horace Waller kuyatayarisha majarida ya mwisho ya Livingstone, yaliyochapishwa mwaka huohuo. Habari za siku za mwisho na za safari ya kurudi pwani zilitoka vinywani mwao, lakini zilipita katika kalamu ya Waller.

4.0 Njia ya Lindi

Thamani ya lugha nyingine za Chuma ilidhihirika aliporudi Unguja. Askofu Edward Steere alikuwa ametambua mapema kwamba kazi ya bara haiwezekani kwa Kiswahili tu, seuze Kiingereza. Alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, mkusanyo wa Kiyao mwaka 1871, na wa Kimakonde mwaka 1876. Mwaka 1875 alishukia Lindi akaenda kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, huku Chuma akiwa kiongozi wa msafara.

Bara ya Lindi ni mahali panapoifafanua hoja hii vizuri. Katika vijiji vilivyo nyuma ya bandari, kama Rutamba na jirani zake, lugha ya wenyeji ni Kimwera. Kusini, juu ya uwanda, ni Kimakonde. Kuelekea Masasi kuna Kimakua na Kiyao. Katika njia kama hiyo Kiingereza hakikuweza kununua hata pishi moja ya mtama. Mwaka uliofuata, Steere alipita tena Lindi pamoja na watumwa waliokombolewa, na safari hiyo ikazaa makazi ya Masasi.

Mwaka 1879 Chuma aliongoza msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia chini ya Keith Johnston. Johnston alipofariki Behobeho, uongozi ulimwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Msafara ulifika Nyasa na Tanganyika na kurudi pwani mwaka 1880, na Thomson mwenyewe aliusifu uhodari wa Chuma. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 30 na kitu.

5.0 Hitimisho

Maisha haya yana mafunzo mawili. Kwanza, lugha ya kigeni ilimfaa Chuma kwa sababu iliongezwa juu ya lugha alizokuwa nazo, haikuzifuta. Katika Tanzania, ambako Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi wa Rutamba anayekipata Kiingereza na kukipoteza Kimwera hakuongeza lugha, amebadilisha tu. Pili, kujua lugha nyingi bila kuandika kwa lugha yako ni kuwaachia wengine usemi wako. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri kama Sleman bin Mwenye Chande na Selim bin Abakari walisimulia safari zao kwa Kiswahili. Hao leo wanasomwa kwa lugha yao. Chuma, aliyetembea mbali kama wao au zaidi, anasomwa kwa Kiingereza cha watu aliowakalimania.